Je, Wajua? Ed Asner, Sauti ya Hollywood Iliyofika Mashambani Mbale

Watoto wanamfahamu kama yule mzee mnuna wa katuni aliyefunga maputo juu ya nyumba yake ikapaa nayo. Wazazi wao wanamkumbuka kama bosi mkali wa chumba cha habari. Wachache wanajua kuwa sauti hiyohiyo ndiyo iliyosimulia habari za wakulima wa kahawa wa vilima vya Mbale. Wiki hii safu yetu inamfuata Ed Asner, mwigizaji wa jukwaa na televisheni wa Marekani, na njiani tunapita Jinja. Soma haraka, bishana polepole.

MTOTO WA MUUZA VITU CHAKAVU

Je, wajua kwamba Asner alizaliwa katika mji wenye jina moja na serikali mbili? Alizaliwa tarehe 15 Novemba 1929 Kansas City ya jimbo la Missouri, akakulia Kansas City ya jimbo la Kansas, ng'ambo ya mpaka. Msomaji wa Busia hahitaji maelezo zaidi: jina moja, pande mbili, na kila upande una wakubwa wake.

Je, wajua kwamba wazazi wake walikuwa wahamiaji? Baba alitoka Lithuania, mama Odessa. Walikuwa Wayahudi wa Orthodox, na mtoto wao alipewa pia jina la Kiebrania, Yitzhak. Baba aliendesha biashara ya vitu vilivyokwisha kutumika. Kumbuka dini hiyo. Tutairudia tukifika Mbale.

Je, wajua kwamba alianza kuigiza Chuo Kikuu cha Chicago, na nafasi yake kubwa ya kwanza ilikuwa ya askofu? Alikuwa Thomas Becket katika tamthilia ya T. S. Eliot kuhusu kuuawa kwa askofu huyo kanisani. Shahada hakuipata. Jukwaa alilipata.

Je, wajua kwamba kabla ya kulipwa kwa kuigiza alifanya kazi katika kiwanda cha magari cha General Motors? Mzee wa Jinja aliyewahi kusimama zamu Nytil, kwenye nguo, au kwenye kiwanda cha kuyeyusha shaba iliyoletwa kutoka Kilembe, anajua kazi hiyo inamfunza mtu nini: king'ora hakikubembelezi, na mwenzako wa mashine ya pili ndiye ndugu yako. Baadaye Asner alikuja kuwa kiongozi wa wafanyakazi, na hakuna aliyemjua aliyeshangaa.

Je, wajua kwamba alikuwa askari? Kuanzia 1951 hadi 1953 alitumikia kikosi cha mawasiliano cha jeshi la Marekani, na sehemu ya muda huo aliimalizia Ulaya.

JUKWAANI

Je, wajua kwamba alipotoka jeshini alijiunga na kundi la vijana wasio na pesa Chicago? Liliitwa Playwrights Theatre Club, lilianzishwa 1953, na ndani yake walikuwamo Mike Nichols na Elaine May. Watu wa kundi hilo ndio walioutangaza mtindo wa kuigiza papo kwa papo bila maandishi, na mizizi ya Second City, kiwanda maarufu cha wachekeshaji wa Marekani, iko hapo.

Je, wajua mwaka 1954 ulikuwaje kwetu, Asner alipokuwa kwenye jukwaa hilo dogo? Jinja, Malkia Elizabeth wa Pili alifungua bwawa la umeme la Owen Falls, ambalo leo linaitwa Nalubaale. Mbale, wakulima wa Bugisu waliunda chama chao kikuu cha ushirika, Bugisu Cooperative Union, ili kahawa ya Masaba iuzwe na wenyewe. Umeme mji mmoja, ushirika mji wa pili. Vyote viwili vinaingia katika hadithi hii.

Je, wajua kwamba New York ilimpokea kama mfalme wa ombaomba? Katika *The Threepenny Opera* ya Bertolt Brecht na Kurt Weill alikuwa Peachum, tajiri anayewapanga ombaomba wa London, akiwapa matambara na vilema vya uongo, kisha akichukua sehemu ya walichokusanya. Mchezo huo ulidumu katika ukumbi mdogo wa Theatre de Lys kuanzia 1955 hadi 1961, ukaoneshwa zaidi ya mara 2,600.

Je, wajua kwamba kati ya mchezo wake wa kwanza Broadway na wa mwisho ilipita miaka 52? Wa kwanza ulikuwa *Face of a Hero* mwaka 1960, akiwa na Jack Lemmon. Wa mwisho ulikuwa *Grace*, 2012, akiwa na Paul Rudd na Michael Shannon. Wakati huo Asner alikuwa na umri wa miaka 82.

Je, wajua kwamba uzeeni alizunguka miji ya Marekani akiigiza peke yake? Alikuwa Rais Franklin Roosevelt, jukwaa zima likiwa lake. Mchezo wa mtu mmoja ni mtihani mgumu: ukisahau, hakuna wa kukuokoa.

Je, wajua kwamba Uganda nayo ina mtoto aliyefaulu mtihani huo? Ntare Mwine alizaliwa Marekani 1967 na wazazi Waganda, akasomea uigizaji Chuo Kikuu cha New York. Mchezo wake wa mtu mmoja, *Biro*, ni wa Mganda aliyekuwa mpiganaji, mwenye virusi vya UKIMWI, anayeingia Marekani bila vibali ili apate dawa. Aliuonesha Kampala kabla ya kuupeleka New York. Wengine mnamfahamu kupitia filamu ya *Queen of Katwe* au tamthilia ya televisheni *The Chi*.

Je, wajua kwamba hata kabla yake jukwaa la Uganda lilikuwa na magurudumu? Mwaka 1965 wanafunzi wa Makerere, wakiongozwa na mwalimu wao David Cook, walianza kuzunguka Uganda na Kenya na michezo ya bure kwa lugha kadhaa, Kiswahili kikiwamo.

KWENYE TELEVISHENI

Je, wajua kwamba Uganda ilikuwa na televisheni kabla Asner hajawa maarufu? Uganda Television ilianza Oktoba 1963, mwaka mmoja baada ya uhuru. Na umeme wa kuwasha seti zile ulitoka wapi? Jinja. Bwawa lile lilijengwa kwa uwezo wa megawati 150.

Je, wajua kwamba nusura kazi iliyomtajirisha imponyoke? Aliitwa kwenye usaili wa kipindi kipya cha vichekesho, *The Mary Tyler Moore Show*. Alisoma vizuri, lakini bila moto. Watayarishaji wakamwomba akirudi asome kama mwendawazimu. Yeye akawataka wamjaribu palepale, na asipoweza wasimwite tena. Akasoma, chumba kikacheka. Mary mwenyewe hakuridhika sana walipokutana. Watayarishaji ndio walioshikilia kwamba huyo ndiye Lou Grant wake.

Je, wajua Lou Grant ni nani? Ni mkuu wa chumba cha habari cha kituo kidogo cha televisheni Minneapolis: ananguruma, ana chupa ndani ya saraka ya meza, na moyo wake ni laini kuliko anavyotaka watu wajue. Kipindi kilidumu tangu 1970 hadi 1977.

Je, wajua kwamba kipindi kilipokufa, Lou Grant hakufa? Mwaka uleule wa 1977 alihamishiwa Los Angeles na kufanywa mhariri wa gazeti, safari hii katika tamthilia nzito ya saa nzima iliyobeba jina lake. Vicheko vya watazamaji vikaondolewa, zikaingia habari za rushwa, sumu viwandani na maskini wa mjini.

Je, wajua kwamba kwa sababu hiyo Asner alikuwa mtu wa kwanza kushinda tuzo ya Emmy ya vichekesho na ya tamthilia nzito kwa mhusika yuleyule? Wa pili alikuwa Uzo Aduba, binti wa wazazi kutoka Nigeria, miaka mingi baadaye.

Je, wajua hesabu kamili? Emmy saba. Tatu za kipindi cha Mary, mbili za *Lou Grant*, moja ya *Rich Man, Poor Man*, moja ya *Roots*. Hakuna mwigizaji wa kiume aliyewahi kushinda Emmy nyingi kuliko yeye za vipindi vya usiku.

Je, wajua kwamba katika *Roots* alikuwa nahodha wa meli ya watumwa? Ni tamthilia iliyooneshwa Januari 1977 usiku nane mfululizo, ikimfuata Kunta Kinte kutoka Gambia hadi utumwani. Asner alikuwa Kapteni Davies, mcha Mungu anayeendelea kuiongoza meli huku dhamiri ikimla. Watu wapatao milioni 100 walitazama sehemu ya mwisho. Mhusika mbaya anayejua kuwa anatenda ubaya huogofya kuliko jitu lenye mapembe, na hapo ndipo Asner alipoipata Emmy yake.

Je, wajua kwamba majira yaleyale televisheni za Marekani zilimgombania Idi Amin? Baada ya makomando wa Israeli kuwaokoa mateka Entebbe Julai 1976, filamu mbili zilitengenezwa mbiombio. Katika ya kwanza, Godfrey Cambridge, mwigizaji aliyesifika jukwaani New York, alipewa nafasi ya Amin. Mwezi Novemba alianguka kazini kwa ugonjwa wa moyo akafariki, akiwa na umri wa miaka 43. Nafasi ikachukuliwa na Julius Harris.

Je, wajua Amin wa filamu ya pili alikuwa nani? Yaphet Kotto, Mmarekani mweusi wa dini ya Kiyahudi, ambaye baba yake alitoka Cameroon. Aliteuliwa kuwania Emmy. Wakati Myahudi mweusi akimwigiza Amin kule Marekani, Wayahudi weusi wa Mbale walikuwa wakijificha kwa hofu ya Amin huyohuyo. Tutafika huko.

CHAMA NI CHAMA

Je, wajua kwamba mwaka 1980 waigizaji wa Marekani waligoma, na Asner alikuwa mstari wa mbele? Mwaka uliofuata wakamchagua kuwa rais wa chama chao, Screen Actors Guild. Aliongoza hadi 1985.

Je, wajua ni nani aliyewahi kukalia kiti hicho kabla yake? Ronald Reagan, ambaye mwaka huohuo wa 1981 aliapishwa kuwa Rais wa Marekani. Rais wa chama na rais wa nchi hawakupatana hata kidogo.

Je, wajua kilichowagombanisha zaidi? El Salvador. Serikali ya Reagan ilikuwa ikiisaidia serikali ya huko vitani. Mapema 1982 Asner alisimama Washington mbele ya waandishi, akatangaza mchango wa dawa na tiba kwa upande wa pili. Simu za hasira zikafuata, na wadhamini wakaanza kuondoka. Miezi michache baadaye kituo cha CBS kikafuta *Lou Grant*. Kituo kilisema watazamaji wamepungua. Asner aliamini hadi kufa kwamba ilikuwa siasa.

SAUTI BILA USO

Je, wajua kwamba kazi za picha zilipopungua, koo lake liliendelea kula? Alikuwa J. Jonah Jameson, mhariri mropokaji wa katuni ya *Spider-Man* ya miaka ya 1990. Hudson wa *Gargoyles*. Na katika *Captain Planet* alikuwa Hoggish Greedly, mlafi anayechafua mito na misitu kwa ajili ya faida.

Je, wajua kwamba *Up*, ile filamu ya maputo, ndiyo katuni ya kwanza kufungua tamasha la filamu la Cannes? Ilikuwa Mei 2009, na Asner, sauti ya mzee Carl Fredricksen, alikuwa na miaka 79. Filamu ilitwaa Oscar mbili na kuteuliwa kuwania ile ya filamu bora ya mwaka, heshima ambayo katuni moja tu ilikuwa imeipata kabla yake.

Je, wajua kwamba Jinja na Mbale zina mabingwa wao wa sauti bila uso? Ingia kwenye kibanda cha video chochote, lipa kiingilio, kaa kwenye benchi. Filamu ni ya Marekani au China, lakini anayesema ni vijei: anatafsiri kwa Kiganda, anaongeza utani, anampa adui jina la mtaa wenu. VJ Jingo na VJ Junior wanajulikana Uganda nzima, na wapo watazamaji wanaochagua filamu kwa jina la vijei, si la nyota wa filamu.

Je, wajua kwamba mwanasinema mwingine maarufu anaingia Jinja kwa mlango wa ndoa? Mumtaz, nyota wa filamu za Kihindi, aliolewa 1974 na Mayur Madhvani, wa familia ya kiwanda cha sukari cha Kakira, jirani na Jinja. Ilikuwa miaka miwili baada ya Amin kuwafukuza Waasia nchini.

TUMEFIKA MBALE

Je, wajua kwamba Mbale ina Wayahudi Waafrika ambao hawakuletwa na mmisionari yeyote? Semei Kakungulu, jemadari wa Kiganda aliyeitawala sehemu kubwa ya mashariki kwa niaba ya Waingereza kisha akakosana nao, alisoma Agano la Kale akaamua kulifuata kama lilivyoandikwa. Mwaka 1919 alitahiriwa. Jamii yake inaitwa Abayudaya, na kitovu chake ni kilima cha Nabugoye, nje kidogo ya mji.

Je, wajua kwamba Amin alipiga marufuku dini yao? Masinagogi yalifungwa, wengi wakabadili dini, wengine wakasali kwa siri. Amin alipoanguka 1979, walikuwa wamebaki mia chache tu.

Je, wajua kwamba mmoja wa watoto wa jamii hiyo alisomea urabi Los Angeles, mji alioishi Asner? Gershom Sizomu alipata daraja la urabi huko 2008, akarudi Nabugoye. Mwaka 2016 alichaguliwa kuwa Mbunge wa Bungokho Kaskazini.

Je, wajua kwamba mkulima mmoja wa Mbale alikuwa New York tarehe 11 Septemba 2001? J. J. Keki, Myahudi wa Abayudaya, mwanamuziki na mwenye shamba la kahawa, alikuwa karibu na majengo pacha ndege zilipoyagonga. Alirudi nyumbani na swali moja: ikiwa watu wanauana kwa jina la dini, sisi majirani wa dini tatu tutafanya nini?

Je, wajua jibu lake lilikuwa nini? Halikuwa mkutano wala tamko. Lilikuwa bei. Wakati huo bei ya kahawa duniani ilikuwa imeporomoka vibaya, na mchuuzi alipofika kijijini alimkuta kila mkulima peke yake na gunia lake, akampangia atakavyo. Keki akapita nyumba kwa nyumba, kwa Waislamu, Wakristo na Wayahudi, akiwaomba wauze pamoja.

Je, wajua ushirika uliozaliwa 2004 uliitwaje? Mirembe Kawomera, maneno ya Kiganda yenye maana ya amani tamu. Nafasi za uongozi ziligawanywa baina ya dini tatu, ili asiwepo wa kusema kuwa mzani umeshikwa na upande mmoja.

Je, wajua mnunuzi wao alikuwa wapi? Fort Bragg, mji mdogo kwenye pwani ya California, makao ya kampuni ya Thanksgiving Coffee. Kahawa iliuzwa chini ya mpango wa biashara ya haki, ambao humwekea mkulima bei isiyoshuka chini ya kiwango fulani, na juu yake fungu la maendeleo ya kijiji.

Je, wajua kwamba kahawa ya huko haitaki haraka? Ni arabika ya Mlima Elgon, ambao wenyewe wanauita Masaba, wenye kilele cha mita 4,321. Baridi ya juu huchelewesha buni kuiva, na kuchelewa huko ndiko kunakoleta utamu. Unachuma nyekundu tu, unamenya, unavundika, unaosha, unaanika. Ukichanganya mbichi na mbivu, umeiharibu kazi ya kijiji kizima, kwa sababu mzigo wenu ni mmoja.

Je, wajua, basi, Asner anaingia wapi? Ilipotengenezwa filamu ya makala kuhusu ushirika huo, *Delicious Peace Grows in a Ugandan Coffee Bean*, msimulizi alikuwa yeye. Sauti iliyokuwa ya mlafi Greedly ikaeleza namna wakulima wa dini tatu wanavyogawana faida. Kwa rais wa zamani wa chama cha waigizaji hadithi haikuwa ngeni: mwigizaji mmoja mbele ya studio na mkulima mmoja mbele ya mchuuzi wana udhaifu uleule, na dawa yao ni ileile.

Je, wajua kwamba wakulima hao waliimba pia? Nyimbo zao kuhusu kahawa, bei na ujirani zilirekodiwa na Jeffrey Summit na kutolewa na Smithsonian Folkways 2013. Kabla ya hapo, albamu ya muziki wa Abayudaya iliyotoka kwa kampuni hiyohiyo iliteuliwa kuwania tuzo ya Grammy.

MIAKA YA MWISHO

Je, wajua kwamba Asner aliendelea kusikika baada ya kufa? Alifariki tarehe 29 Agosti 2021, akiwa na miaka 91. Siku tatu baadaye zikatoka katuni fupi za *Dug Days*, sauti ya Carl ikiwa yake. Mwaka 2023 ikatoka nyingine, *Carl's Date*, aliyoirekodi akiwa hai.

Na je, wajua kwamba hata chama chake mwenyewe hakikusalimika naye? Mwaka 2012 alikwenda mahakamani kupinga chama hicho kuunganishwa na kingine, akashindwa. Desemba 2020, wiki chache baada ya kutimiza miaka 91, alirudi mahakamani akiongoza wenzake dhidi ya mfuko wa afya wa waigizaji, uliotaka kuwaondolea wazee wengi bima waliyoichangia tangu ujana. Kesi ilimalizika kwa makubaliano mwaka 2023. Asner hakuwepo kupokea chochote. Waliofaidika ni wanachama waliobaki.